Vifuko vya Nje ya Seli katika Mimea: Kazi Zake za Kibaiolojia na Maana Yake kwa Wahudumu wa Afya na Wagonjwa wa Karagwe na Kyerwa

Utangulizi

Katika wilaya za Karagwe na Kyerwa, mkoani Kagera, mgomba na mbuni hubeba sehemu kubwa ya maisha ya kaya. Mgomba hulisha watu mwaka mzima; mbuni huleta fedha zinazolipia ada za shule, nauli ya kumfikisha mgonjwa hospitalini na dawa anazoandikiwa. Ugonjwa unapoingia kibanjani, athari zake hufika hadi zahanati: mtoto hukosa mlo wa kutosha, mjamzito huchelewa kuhudhuria kliniki kwa kukosa nauli, na mgonjwa wa shinikizo la damu huacha dawa kabla ya wakati.

Mkoa huu umepata mitihani miwili mikubwa ndani ya kipindi kifupi. Mwaka 1997 mnyauko fuzari wa kahawa, unaosababishwa na kuvu, uliripotiwa Kagera na kuwa tishio kwa kahawa aina ya robusta. Mwaka 2006 mnyauko bakteria wa migomba, ambao miaka mitano kabla ulikuwa umeonekana nchini Uganda, ulithibitishwa katika mkoa huohuo. Magonjwa hayo huzua swali linalomgusa mhudumu wa afya kwa namna ya pekee: mmea, usio na damu wala chembechembe nyeupe, hujikinga vipi?

Sehemu ya jibu imo katika vifuko vidogo mno ambavyo seli za mimea huvitengeneza na kuvitoa nje ya utando wake. Makala haya yanaeleza vifuko hivyo ni nini, vinafanya kazi gani, na uwezo wake unaishia wapi. Yanaeleza pia kwa nini elimu hiyo, ambayo siku hizi hutumika kutangaza vinywaji na poda za mimea kuwa tiba, inapaswa kupokewa kwa tahadhari.

Baada ya kusoma, msomaji ataweza:
- kueleza kwa lugha nyepesi kifuko cha nje ya seli ni nini;
- kutaja kazi kuu za vifuko hivyo katika mmea;
- kutofautisha jambo lililothibitishwa katika mmea na dai linalotolewa kuhusu mwili wa binadamu;
- kumshauri mgonjwa anayetaka kubadilisha dawa zake kwa bidhaa ya mimea.

Kifuko cha nje ya seli ni nini?

Kila seli hai imezungukwa na utando mwembamba wa mafuta na protini. Kifuko cha nje ya seli ni kipande kidogo cha utando wa aina hiyo, kilichojifunga kama mpira na kubeba shehena ndani yake: protini, mafuta, kemikali za kinga, na wakati mwingine RNA, yaani molekuli inayochukua maelekezo ya jeni. Vingi vina kipenyo cha kati ya nanomita 30 na 150. Vifuko vyenye nanomita 100, vikipangwa elfu kumi katika mstari mmoja, hufikia urefu wa milimita moja tu. Hadubini ya kawaida ya maabara ya hospitali haiwezi kuvionyesha. Huhitajika hadubini ya elektroni.

Vifuko hivi hutoka kwa njia zaidi ya moja. Njia inayofahamika zaidi huanzia ndani ya seli, ambako mfuko mkubwa hujaza vifuko vidogo ndani yake. Mfuko huo husogea hadi pembezoni mwa seli, huungana na utando wa nje, kisha humwaga vile vidogo upande wa pili. Mfano wake ni gunia lililojazwa vifurushi, likafunguliwa mlangoni ili vifurushi viende kwa wahusika bila kufunguliwa njiani.

Mwili wa binadamu hufanya vivyo hivyo. Mwaka 1983 watafiti waliokuwa wakichunguza chembe changa nyekundu za damu za wanyama waligundua kwamba chembe hizo, zinapokomaa, hutupa nje baadhi ya protini zake ndani ya vifuko vya aina hii. Kwa muda mrefu vilidhaniwa kuwa njia ya kutupa taka. Leo inafahamika kwamba seli huvitumia pia kuwasiliana.

Historia fupi: kutoka karoti hadi Arabidopsis

Katika mimea, dalili za kwanza zilionekana mapema kuliko wengi wanavyodhani. Mwaka 1967 Halperin na Jensen, walipokuwa wakichunguza seli za karoti kwa hadubini ya elektroni, waliona mifuko yenye vifuko vingi ikielekea kumwaga shehena yake nje ya utando. Uchunguzi huo haukufuatiliwa kwa kina kwa miongo kadhaa. Sababu moja ilikuwa ukuta wa seli: seli ya mmea, tofauti na ya mnyama, imezungukwa na ukuta mgumu, na wengi waliona vigumu kuamini kwamba kifuko kinaweza kuupenya.

Mwaka 2017 Brian Rutter na Roger Innes wa Chuo Kikuu cha Indiana, Marekani, walichapisha njia ya kuvuna vifuko hivyo kutoka kwenye majimaji yaliyo kati ya seli za majani ya Arabidopsis, mmea mdogo unaotumika sana maabarani. Shehena yake ilikuwa na protini nyingi zinazohusika na kinga na kuhimili misukosuko. Zaidi ya hayo, idadi ya vifuko iliongezeka mmea uliposhambuliwa na bakteria, na pia ulipopewa asidi ya salisiliki, kemikali ya mimea iliyo jamaa wa karibu wa aspirini. Ongezeko hilo lilionyesha kwamba utoaji wa vifuko ni sehemu ya mwitikio wa mmea dhidi ya maradhi.

Kazi za vifuko katika mmea

Kazi ya kwanza ni kuimarisha ukuta mahali penye shambulio. Kuvu inapojaribu kutoboa jani, seli iliyo chini yake hujenga kizuizi kinene mahali hapohapo. Katika majani ya shayiri yaliyoshambuliwa na ukungu mweupe, watafiti waliona mifuko yenye vifuko ikikusanyika karibu na kizuizi hicho. Picha hizo zinaashiria kwamba vifuko hupeleka vifaa vya ujenzi pale vinapohitajika, kama fundi anavyopelekewa matofali kwenye ufa badala ya kuzunguka nyumba nzima.

Kazi ya pili ni kupeleka silaha. Protini na kemikali zenye uwezo wa kudhuru kimelea zinaweza kumdhuru hata mmea wenyewe zikisambaa ovyo, hivyo kuzifunga ndani ya kifuko ni namna ya kuzifikisha salama. Mwaka 2017 watafiti wa Argentina walionyesha kwamba vifuko vilivyovunwa kutoka miche ya alizeti huingia ndani ya mbegu za kuvu iitwayo Sclerotinia sclerotiorum, huzuia ukuaji wake na kuua baadhi ya seli zake.

Kazi ya tatu, iliyovuta macho ya wengi, ni kupeleka RNA ndogo. Viumbe wengi huwa na utaratibu wa kunyamazisha jeni: kipande kifupi cha RNA hujibandika kwenye ujumbe wa jeni fulani, na ujumbe huo hukatwa au huzuiwa kabla ya kutengeneza protini. Andrew Fire na Craig Mello walipata Tuzo ya Nobel mwaka 2006 kwa kuufafanua utaratibu huu. Mwaka 2016 watafiti wa China walionyesha kwamba pamba, zao linalolimwa pia katika Kanda ya Ziwa, hupeleka RNA ndogo ndani ya kuvu ya mnyauko inayoishambulia na kunyamazisha jeni ambazo kuvu huzihitaji ili kuleta ugonjwa. Miaka miwili baadaye, kundi la Hailing Jin wa Chuo Kikuu cha California, Riverside, lilieleza chombo kinachobeba RNA hizo: Arabidopsis huzituma kwa vifuko hadi ndani ya kuvu ya ukungu wa kijivu. Mimea iliyopungukiwa na protini mbili zinazoambatana na vifuko hivyo ilidhurika zaidi.

Msomaji aliyewahi kutoa au kupata chanjo ya UVIKO-19 ya aina ya mRNA atatambua kanuni hiyo. RNA huharibika upesi ikiwa wazi, ndiyo maana katika chanjo hufungwa ndani ya vitone vidogo vya mafuta. Vitone hivyo hutengenezwa kiwandani, navyo vifuko vya mmea hutengenezwa na seli. Lakini tatizo lililotatuliwa ni lile lile, kuifikisha RNA ikiwa nzima.

Kazi ya nne inahusu uzazi na ushirika. Chavua ya mzeituni, inapochipua, hutoa vifuko katika mazingira yake. Vilevile, katika mizizi ya mpunga vifuko vimeonekana kwenye mpaka kati ya seli za mzizi na kuvu rafiki, zile zinazousaidia mmea kupata fosforasi kutoka ardhini. Kwa hiyo vifuko hivi si vya vita peke yake. Vinapatikana pia pale ambapo viumbe wawili wanashirikiana.

Suala moja bado lina mjadala. Mwaka 2022 kundi la Innes lilichapisha ushahidi kwamba sehemu kubwa ya RNA iliyo katika majimaji ya kati ya seli za Arabidopsis imo nje ya vifuko, ikiwa imeshikamana na protini. Ugunduzi huo haufuti kazi ya mwaka 2018, bali unaonyesha kwamba mmea una zaidi ya njia moja ya kutuma RNA. Nao uwezo wa kuvu kupokea RNA hutofautiana kati ya aina moja na nyingine, hivyo matokeo ya kuvu moja hayahamishiwi kwa nyingine bila kupimwa.

Vimelea navyo hutuma vifuko

Uwanja huu si wa mmea peke yake. Bakteria wengi wenye utando wa nje humega vipande vya utando huo na kuviachia kama vifuko. Wahudumu wa afya wananufaika tayari na elimu hiyo: chanjo ya Bexsero dhidi ya homa ya uti wa mgongo ya kundi B ina vifuko vya utando wa bakteria wa ugonjwa huo, ambavyo huufundisha mwili kumtambua adui.

Katika mimea, Xanthomonas campestris, jamaa wa bakteria anayenyausha migomba, hutoa vifuko vinavyojiunga na utando wa seli za mmea na kuamsha kinga yake. Kwa maneno mengine, kile anachokitoa bakteria kinaweza kumsaidia yeye na papo hapo kumfichua.

Migomba na mibuni ya Karagwe na Kyerwa

Ushahidi ulioelezwa hapo juu umetokana hasa na Arabidopsis, alizeti, pamba na shayiri. Unafaa kuongoza fikra kuhusu mgomba na mbuni, lakini haupaswi kugeuzwa kuwa dai kwamba vifuko ndivyo vinavyookoa au kushindwa kuokoa vibanja vya Kagera. Yapo mambo matatu yanayoonekana shambani ambayo elimu hii husaidia kuyafikiria.

Jambo la kwanza ni tofauti ya aina. Mnyauko fuzari wa migomba, ule unaoletwa na aina ya kwanza ya kuvu yake, humshambulia mgomba wa pombe uitwao Kayinja, ilhali migomba ya kupikia ya nyanda za juu, kama Enshakara, huuhimili vizuri. Lakini mnyauko bakteria hauchagui: aina zote zinazolimwa kwa kawaida huugua, ingawa mgomba mwitu Musa balbisiana una ukinzani. Kinga ya mmea, kama ya binadamu, ni mahususi; nguvu dhidi ya adui mmoja si nguvu dhidi ya wote.

Jambo la pili ni njia anayopita adui. Bakteria wa mnyauko huingia kupitia makovu ya ua dume, akiletwa na wadudu, au kupitia majeraha ya panga lililomkata mgomba mgonjwa. Kisha husafiri katika mirija ya maji. Mirija hiyo, ikishakomaa, ni seli zilizokufa ambazo zimebaki kama mabomba, nazo seli iliyokufa haiwezi kutoa kifuko chochote. Ulinzi hubaki kwa seli hai zinazoizunguka. Ni sababu mojawapo ya kutotarajia kwamba mgomba utajiokoa wenyewe baada ya adui kuingia.

Jambo la tatu ni kwamba maarifa ya kinga yanaweza kugeuzwa kuwa mbegu bora. Nchini India, mwaka 2014, watafiti walichapisha matokeo ya migomba iliyowekewa uwezo wa kutengeneza RNA ndogo dhidi ya kuvu ya mnyauko fuzari, nayo ikaonyesha ukinzani. Nchini Uganda, migomba iliyopewa jeni za pilipili hoho ilihimili mnyauko bakteria katika majaribio ya shambani. Kwa upande wa kahawa, Taasisi ya Utafiti wa Kahawa Tanzania imezalisha miche ya robusta yenye ukinzani dhidi ya mnyauko kwa njia ya uteuzi na uzalishaji wa kawaida.

Hadi sasa, hata hivyo, kinachookoa kibanja ni usafi na uangalifu. Ua dume huondolewa kwa kijiti chenye panda, si kwa panga, mara chane ya mwisho inapojitokeza. Panga hupitishwa kwenye moto hadi lipate joto kali, au husafishwa kwa jiki, kabla ya kuhamia mgomba mwingine. Shina lenye dalili, yaani majani yanayonyauka na kuwa ya manjano, ndizi zinazoiva kabla ya wakati, au usaha wa manjano unapokatwa, huondolewa mapema likiwa bado ni moja. Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Muuguzi hatumii sindano moja kwa wagonjwa wawili. Kanuni hiyohiyo ndiyo inayolihusu panga, naye mhudumu wa afya ngazi ya jamii anaweza kuieleza kwa mfano huo na akaeleweka mara moja.

Wagonjwa wengine huuliza kama ndizi kutoka shamba lenye mnyauko huwaambukiza watu. Bakteria wa mnyauko wa migomba hasababishi ugonjwa kwa binadamu. Hasara yake ni chakula na kipato kinachopotea.

Je, vifuko vya mimea ni dawa kwa binadamu?

Hapa ndipo tahadhari inapohitajika zaidi. Vifuko vinavyofanana na hivi vimevunwa kutoka tangawizi, zabibu na balungi, na katika panya wa maabara baadhi vimepunguza uvimbe wa utumbo. Matokeo hayo yana thamani kwa watafiti, hasa wanaotafuta njia mpya za kubebea dawa. Lakini panya aliyepewa vifuko vilivyosafishwa kwa kipimo maalumu si sawa na mtu anayekunywa glasi ya maji ya tangawizi, wala uvimbe wa utumbo wa panya si kisukari, saratani au VVU vya binadamu.

Historia inafundisha jambo hapa. Mwaka 2012 kundi la watafiti nchini China lilitangaza kwamba RNA ndogo ya mchele huingia katika damu ya mlaji na kudhibiti jeni ya ini. Makundi mengine yaliporudia kazi hiyo mwaka uliofuata, hayakupata matokeo ya namna hiyo. Tumbo na utumbo vina asidi na vimeng'enya vinavyovunja RNA kila siku katika chakula chote tunachokula. Dai la jambo kubwa hudai ushahidi unaorudiwa.

Bidhaa zinazouzwa kwa jina la vifuko hivyo zimeshaleta madhara kwingineko. Desemba 2019 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani ilitoa tahadhari kwa umma baada ya wagonjwa kupata madhara makubwa kutokana na bidhaa za vifuko vya seli, hizo zikiwa za asili ya binadamu, zilizotolewa bila kibali. Nchini Tanzania dawa husimamiwa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, na dawa za asili zina Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala. Mgonjwa ana haki ya kumwuliza muuzaji yeyote: bidhaa hii imesajiliwa wapi?

Mambo ya kuzingatia katika huduma

Kwanza, mgonjwa asikilizwe kabla ya kusahihishwa. Anayeficha dawa ya mimea anayoitumia ni mgonjwa mgumu kumtibu. Anayeulizwa kwa heshima husema.

Pili, dawa za kudumu zisikatishwe. ARV, dawa za kifua kikuu, insulini na dawa za shinikizo la damu zina ushahidi ambao hakuna kifuko cha mmea kilicho nao. Kuziacha kwa wiki chache tu kunaweza kurudisha ugonjwa ukiwa mkali zaidi au sugu.

Tatu, cha asili si lazima kiwe salama. Maji ya balungi huongeza kiwango cha baadhi ya dawa mwilini, nifedipini ikiwemo. Ndizi zina potasiamu nyingi, hivyo mgonjwa wa figo, hasa anayetumia enalapril au spironolactone, aelekezwe kiasi cha kula. Athari hizo hutokana na kemikali za kawaida za mmea, wala hazihitaji kifuko.

Nne, utomvu wa mgomba usipakwe kwenye kidonda wala kitovu cha mtoto mchanga. Kinachoulinda mmea dhidi ya kuvu hakimlindi mtoto dhidi ya pepopunda. Chanjo ya mama na usafi wa kitovu ndivyo vinavyomlinda.

Tano, kaya iliyopoteza kibanja iulizwe kuhusu chakula. Maharage, mboga za majani, mayai na dagaa vitajwe kwa majina, na watoto wapimwe ukuaji wao. Kaya ielekezwe pia kwa afisa ugani wa kata, kwa kuwa shina moja linaloondolewa leo ni mlo unaookolewa mwakani.

Hitimisho

Vifuko vya nje ya seli vimeonyesha kwamba mmea si kiumbe kinachosubiri tu kushambuliwa. Hutuma vifaa vya ujenzi, silaha na ujumbe, na huelewana na viumbe rafiki. Elimu hiyo ina nafasi katika kutafuta migomba na mibuni imara zaidi, na huenda siku moja ikasaidia kubeba dawa za binadamu. Kwa mgonjwa wa Karagwe au Kyerwa leo, manufaa yake ya karibu zaidi yako shambani: panga safi, shina bovu lililoondolewa mapema, na kibanja kinachoendelea kulisha kaya na kulipa nauli ya kliniki. Dawa zake aendelee kuzimeza kama alivyoelekezwa.

Maswali ya kujipima

1. Eleza kwa mfano wa maisha ya kijijini jinsi seli inavyotoa vifuko vyake.
2. Taja kazi nne za vifuko vya nje ya seli katika mimea.
3. Kwa nini ni vigumu kwa mgomba kujiokoa bakteria wa mnyauko akishaingia katika mirija ya maji?
4. Mgonjwa wa kisukari amekuja na chupa ya kinywaji kinachodaiwa kuwa na vifuko vya tangawizi, naye anataka kuacha insulini. Utamwuliza nini, na utamshauri nini?